Pini ya Nzau

Kuanzia Zombe hadi Kitui mjini, hakuna mwanamke wa rika langu anayeijua kompyuta kama mimi Muthoki. Haya, najua kitufe kimoja tu. Na hicho kimoja nusura kimfukuzishe kazi kijana wa watu.

Kijana mwenyewe ni Nzau, wa kule Tawa, anayechapa katika duka la Katunge hapa Kitui. Siku hiyo alikuwa ananichapia lebo za pakiti zangu za ndengu. Mashine yake ya kuchapa hukohoa kama mbuzi aliyemeza gunia, kwa hivyo kungoja ni lazima, na Nzau hungoja akicheza karata za mtu mmoja kwenye kompyuta.

Shida ni kwamba Katunge ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na karata kwake ni mlango wa jehanamu. Alishamwambia, "Nikipata karata humu tena, chukua nguo zako urudi Tawa." Na huko Tawa Nzau ana mke na mtoto mchanga wanaomtegemea.

Basi akatafuta ujanja. Kila dirisha la kompyuta lina vitufe vyake pale juu pembeni, cha kufunga na cha kupunguza. Yeye aliweka programu ya kuongeza vingine, vile unavyotaka mwenyewe.

"Hiki, Susu," akanionyesha, maana mimi kwake ni nyanya, "kinakunja dirisha kama mkeka. Hiki kinalifanya jepesi kama chai isiyo na maziwa, unaona mpaka chini. Na hii pini inalibandika juu ya mengine yote. Hata ufungue nini, halifunikwi."

"Na Katunge akiingia?"

"Nafungua lebo zako tu, zinafunika karata. Madam anaona ndengu."

Alipoinuka kwenda kukata karatasi, nikakalia kiti chake nimalizie mchezo. Lakini kila nikigusa vibaya, lebo zinaruka mbele ya karata zangu. Nikakumbuka pini. Nikaibonyeza. Raha iliyoje!

Mara sauti ya Katunge mlangoni, naye huniita Mwaitu, yaani mama: "Nzau! Kazi ya Mwaitu imeisha?"

Nzau akaruka, akafungua lebo. Lebo zikafunguka nyuma ya karata. Akafungua tena. Karata zimekaa pale pale mbele, kama mgeni asiyealikwa harusini.

Katunge alikuwa ameshafika nyuma yetu.

"Nini hiyo?"

"Ni... ni tangazo, Madam. Linajileta lenyewe."

"Tangazo gani? Hizo ni karata!"

"Kumbe unazijua?" nikauliza, mpole kama kondoo.

"Nimesikia watu wakisema! Mimi tangu nizaliwe sijacheza hata siku moja, Mungu anajua. Nzau, kusanya vitu vyako."

Nzau akanitazama. Pini ile niliibonyeza mimi, na yeye alishajua. Lakini hata ningekiri, Katunge angesema tu kwamba karata nilizikuta humu humu.

"Ngoja kwanza nilifukuze hili tangazo," nikasema, nikashika mausi.

Mchezo wenyewe uko hivi: nafasi ikibaki tupu, unaweka mfalme. Palikuwa na nafasi moja na wafalme wawili. Mwekundu alikuwa amekalia rundo zima la karata zilizofunikwa, kwa hivyo anayejua mchezo humhamisha huyo kwanza, apate kuzifunua. Mimi nikamshika mweusi. Nikaanza kumvuta, polepole, kama mwanamke anayepeleka jogoo wake wa mwisho sokoni.

Katunge akakohoa. Nikavuta. Akahamisha mkoba kutoka bega hili kwenda lile. Nikavuta.

"Si huyo!" akapiga kelele. "Toa mwekundu, Mwaitu! Huoni amekalia..."

Akaziba mdomo kwa mkoba.

Nzau, aliyekuwa tayari ameshika koti, akalirudisha kwenye msumari.

"Amekalia nini, Madam?"