Kuku Mweupe wa Zéphirin

Doudou alimwinua Sylvain juu, akamgeuza miguu juu kichwa chini, akamshindilia kwenye uwanja mwekundu wa kiangazi, mgumu kama sakafu. Mpira wenyewe Sylvain alikuwa ameshautoa. Mwamuzi alitoa kadi nyekundu papo hapo, na komisheni ya nidhamu ya raga ikatangaza kwamba itakaa kuamua adhabu. Julienne, mama yake Sylvain, alitaka kitu kimoja tu: lile jitu lisikanyage uwanja tena. Mwanawe alikuwa amelala nyumbani, mtaa wa Bel-Air, shingo imefungwa, mikono imekufa ganzi.

Kabla komisheni haijakaa, akaja Zéphirin, kocha wa Doudou. Bwana huyu alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na aibu hakupewa hata chembe. Alikuja na wazee wa ukoo wa Doudou, na Doudou mwenyewe, na kuku mweupe kwapani. Wote wakapiga magoti uani, majirani wakichungulia.

"Mama Julienne, tunakuya kuomba pardon," akasema. "Mutoto alikosa. We iko mama ya batoto bote. Usitukatalie."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kumfukuza mtu aliyepiga magoti na kuku mweupe ni kutangaza mtaa mzima kwamba una roho mbaya, na Julienne alikuwa mtu wa kanisa. Akampokea. Kuku akachinjwa, akapikwa, na kama desturi inavyotaka, pande zote mbili zikala pamoja. Doudou alikula paja, akalamba vidole. Sylvain hakuweza kuinua mkono, kwa hiyo mama yake alimlisha. Maskini, alidhani anasamehe tu, na adhabu itafuata njia yake.

Siku ya komisheni Zéphirin alisimama akitabasamu. "Président, iyi mambo ilikwisha ku familia. Tulikula kuku. Muulize mama."

Wakamuuliza. Julienne akasema ndiyo, walikula, lakini... Hiyo lakini hawakuingoja. Walikuwa na sheria za mchezo mezani, nazo hazimtaji kuku popote. Ila nao walilelewa humu humu mjini, na waliona aibu kuadhibu kosa lililokwisha kuliwa. Doudou akapewa onyo, akaenda zake mazoezini.

Mwezi haukuisha. Doudou akamtupa kijana mwingine, Gauthier, vilevile, kichwa chini. Huyu shingo ilivunjika. Daktari alimwambia mama yake, Abigaïl, kwamba kutembea asahau.

Kesho yake Zéphirin alibisha kwa Julienne, kuku mweupe mwingine kwapani.

"Mama, tusindikize kwa mama Abigaïl. Ile mama iko mukali. We unajua kusamehe, umuonyeshe vile ulifanya."

Julienne alimtazama kwa chuki. Kisha akajifunga kitenge, akaenda naye.

Kwa Abigaïl, Zéphirin alipiga magoti upesi, mtu aliyeizoea kazi yake. "Mama Julienne atakuambia," akaanza.

"Abigaïl, usipokee ile kuku," Julienne akasema, bado amesimama. "Mi nilikula. Ba komisheni bakasema mambo imekwisha, bakamuacha Doudou arudie ku uwanja. Na we ukikula, atavunja mwingine."

Abigaïl alimtazama kwa macho yaliyovimba kwa kulia. Halafu akamgeukia kocha. "Kamata kuku yako, utoke. Tutaonana ku komisheni. Ule Doudou hatacheza tena, hata nikufe."

Julienne alishusha pumzi. Alichokitaka sasa kitapatikana. Akanyoosha mkono amshike mwenzake bega.

Abigaïl akausukuma ule mkono. "Na we toka. Ilikuwa butamu? Kama haungekula, mutoto yangu angekuwa anatembea."

Julienne alijua ni kweli. Akatoka kwa mlango uleule aliotokea Zéphirin. Barabarani kocha alikuwa akimngoja. Alijipangusa vumbi la magoti, akamnyooshea kuku.

"Basi, mama, mupelekee Sylvain. Utamulisha."