Hatua Kumi na Mbili za Gugu Karoti

Nilisikia kwenye foleni ya maji kwamba gugu karoti likimwingia mtoto kifuani halitoki, linaota humo humo. Nilijua ni maneno ya foleni. Lakini kila nikimsikia binti yangu wa mwisho kifua kinavyomkoroma, yale maneno yalinirudia kama nimeambiwa sasa hivi.

Binti huyu tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Wiki ile alikuwa hasemi. Mikono imemtoka vipele, kifua kinapiga filimbi. Njia yake ya shule inapita kwenye kipande cha ardhi kati ya lami na uzio wa shule, hatua kumi na mbili, nimezihesabu mwenyewe. Gugu karoti lilikuwa limefika kiunoni mwangu, limechanua vimaua vyeupe kote.

Nikampeleka zahanati. Muuguzi akampa dawa ya kuvuta, na nilipomweleza habari ya kuota akacheka.

"Mama, haliwezi kuota kifuani. Ila vumbi la maua yake linawadhuru baadhi ya watu, na huyu wako ni mmojawapo. Akikaa nalo mbali atapata nafuu. Akiendelea kupita humo, safari nyingine anaweza kuzidiwa."

Akae nalo mbali vipi, na njia ni hiyo hiyo moja?

Mwalimu mkuu akaniambia shule inasafisha mpaka kwenye uzio, basi. Nikaenda ofisi ya barabara. Msimamizi wao alikuwa anakunywa chai.

"Sisi mwisho wetu ni mawe meupe ya mpaka," akasema. "Ng'ambo ya mawe hayatuhusu."

"Na mawe yako wapi, baba?"

"Hapo ndipo penyewe. Vijana wangu hawayaoni, kwa hiyo wanafyeka ukingo wa lami wanaondoka."

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikakaa uani kuosha miguu. Ninaoshea juu ya jiwe moja zuri, la pande nne, ubavuni lina rangi nyeupe iliyobanduka. Nikaliangalia. Nikaacha maji yanamwagika.

Nikamwita jirani yangu, fundi cherehani.

"Shoga, hili jiwe nilitoa wapi?"

"Sema tulitoa wapi. Mangapi yameshikilia pipa langu? Matatu! Barabara ilipokwisha kujengwa si tulisema ni masalio, kila mtu akajibebea?"

"Ndiyo mpaka wenyewe huo. Kesho nayarudisha."

"Ukajitangaze mwizi wa mawe? Watatufunga!"

"Kuliko nimzike mtoto?"

Akainama kulipima lile jiwe uzito. Halafu akasema, "Basi tafuta toroli. Mgongo wangu siyo wa serikali."

Asubuhi msimamizi alituona tunasukuma toroli la mawe, akauliza tumeyatoa wapi. Nikamweleza, akashika kiuno.

"Miaka minne natafuta mpaka wa barabara, kumbe mama mnaoshea miguu!"

"Tusamehe baba, hatukujua."

"Nyinyi mmeiba barabara nzima, imebaki lami tu." Alicheka mpaka akatoa machozi, ila alikuja nasi. Alivaa glavu, akasukuma yale magugu kwa fimbo, akatafuta chini. Mashimo ya mawe yalikuwepo bado, hatua mbili tu kutoka kwenye uzio wa shule.

Hapo kicheko kikamwisha. "Basi kumi ni zangu," akasema.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, anasikia kila kitu. "Na mbili zangu. Kesho nitatoa darasa la sita waje wang'oe."

"Mwalimu, usithubutu!" Sijawahi kumpandishia mwalimu sauti tangu nizaliwe. Akaafiki waletwe watu wazima.

Chiriku nikampeleka kwa bibi yake. Mvua ikanyesha, ardhi ikalainika, wakaja wafanyakazi wenye glavu na vitambaa puani, wakang'oa na mizizi siku mbili, mawe yakarudi kwenye mashimo yake. Msimamizi akaandika kwenye daftari lake kwamba watapita tena kila baada ya mvua. Nilimwomba anionyeshe alipoandika, akanionyesha.

Jumatatu nikamsindikiza mwanangu. Kifua kimya. Njia nzima ananieleza habari za mbuzi wa bibi, nikamwambia anyamaze kidogo, halafu nikajuta. Sema mwanangu, sema.

Sasa wewe mwenye mtoto, epuka haya:

Usiwape watoto kazi ya kung'oa gugu karoti.
Usiling'oe kwa mikono mitupu, wala bila kufunika pua.
Usilifyeke ukaacha mizizi. Linarudi.
Usingoje lichanue.
Usimpe ng'ombe wala mbuzi.
Usibebe jiwe lolote la kando ya barabara, hata kama jirani amebeba.
Usiondoke ofisini kabla hujajua ni kazi ya nani.
Mtoto akikoroma kifua, usikae nyumbani na maneno ya foleni. Zahanati kwanza.