Sahani Moja Nyumbani kwa Nzigire

Kabla hawajaonja chochote, Christophe-Aimé alikuwa amekwisha kumuudhi Mukundwa. Walikutana asubuhi mlangoni mwa hoteli ya Christophe-Aimé, mgeni wake wa siku hiyo, chini karibu na ziwa, wakapanda mlima hadi Kamembe. Walipofika kwenye kona ya soko, yule mgeni aliingia dukani, akatoka na andazi, akaanza kulitafuna huku anatembea. Watu walimtazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama kabisa.

"Monsieur, hapa hatukulaka tukitembea," Mukundwa alimwambia. "Ni haya. Tutaingia kwa bantu, tutaikala, njo tutakula."

"Nilijua hiyo mbele weye uzaliwe," alijibu, akaendelea kutafuna.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Bukavu, mji wa Wakongomani ng'ambo ya mto tu, lakini aliondoka akiwa kijana na sasa alikuwa anaishi Ubelgiji. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kwao. Mukundwa alikuwa amefurahi alipompigia simu kuomba matembezi. Wageni wake wengi walikuwa Wazungu wa kutafsiriwa kila neno, na alidhani huyu angekuwa kazi nyepesi.

Kazi ya Mukundwa ilikuwa kutembeza wageni kwenye vyakula vya mji. Kamembe haina wapishi wa kando ya barabara. Wenye beseni kichwani hufukuzwa na askari wa mji kila mara. Chakula kitamu kiko nyuma ya nyumba, uani, na ili ukifikie lazima mwenye ua akufungulie. Mukundwa alikuwa amebisha hodi kwenye nyua hizo moja moja, akakataliwa, akarudi tena. Majirani walimsema kwamba anapeleka watu kuchungulia vyungu vya wenzake. Alizoea.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa Mzee Sultani, kwenye mtaa wa Waislamu. Mkewe alipika chapati na maharage, na yeye mwenyewe alimimina chai ya tangawizi. Christophe-Aimé alikaa kwenye benchi, akaisukuma sahani pembeni.

"Chapati hata Bruxelles ziko," alisema.

Sultani aliweka birika chini. "Basi ungekulia kule kule."

"Mzee, umusamehe, amechoka na safari," Mukundwa aliingilia.

"Sikuchoka," mgeni alisema. Akamgeukia Mukundwa. "Ile maman ya sambaza iko wapi? Ile ya photo yako. Njo ule nilikuja kuona."

"Sambaza ni ya mwisho. Mbele kuna isombe, ile ya majani ya muhogo, kisha..."

"Twende kwa ile maman."

Sultani aliiondoa sahani mwenyewe. Walipotoka hakumjibu Mukundwa kwaheri, na hilo lilimuuma, kwa kuwa mzee huyo alikuwa mtu wa kwanza mjini kumfungulia mlango.

Wakateremka kuelekea ziwani. Mukundwa alitangulia, akiwa na hasira, lakini akijiambia kwamba sambaza za Nzigire zimewalainisha watu wagumu kuliko huyu. Ni samaki wadogo kama kidole, Nzigire huwakaanga mpaka wawe wakavu, akawaweka kwenye mchuzi wa nyanya na pilipili, na bugali wa muhogo pembeni. Nzigire alikuwa mtu wa kabila la Washi wa Bukavu aliyehamia upande huu zamani. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, asiyependa maswali. Ilichukua msimu mzima wa mvua hadi akubali wageni, na alitoa sharti moja: hakuna kupiga watu picha. Mukundwa alipiga picha ya kikaango tu, akaiweka mtandaoni ili wageni waione. Kwa nyuma, kwenye kivuli cha mlango, kulikuwa na mzee ameinamia beseni la samaki. Kwenye picha hiyo Mukundwa hakumwona hata siku moja.

Nzigire aliwapokea bila kucheka, kama kawaida yake. "Mukaribie, muikale." Kisha akamwangalia mgeni usoni, na mkono wake ulioshika mwiko ukasita. Akarudi jikoni kwake. Mukundwa aliliona hilo, akadhani ni moshi uliomwingia machoni.

Sahani ililetwa. Mgeni hakunawa.

"Mzee iko?" aliuliza.

"Mzee gani?" Nzigire alisema.

"Fundi cherehani. Alitoka Bukavu na mashini yake kwa kichwa, akatuambia anaenda kuitengenezesha Kamembe, atarudi mangaribi."

Mukundwa alisimama. "Monsieur, hatukusikilizana hivyo. Nilikuleta kula."

"Weye unyamaze. Umefika kule nilitaka unifikishe."

Mlango wa nyuma ulifunguka, na mzee mwembamba akatoka akifuta mikono kwenye suruali. Mukundwa alimfahamu kwa jina la Papa Birindwa, mume wa Nzigire, mtu wa kuparua samaki na kunyamaza. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini hayakuwa mabovu kiasi cha kutoona kilichokuwa mbele yake. Paji la uso lake na la mgeni lilikuwa lile lile, na masikio yaliyosimama yalikuwa yale yale. Hata jinsi walivyosimama, bega moja chini, walikuwa sawa.

Mzee alimtazama. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Karibu, mugeni. Mukundwa, umupatie maji anawe."

Christophe-Aimé alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mugeni?"

"Bageni wanakujaka wengi hapa," mzee alimwambia mkewe, bila kuangalia upande mwingine. "Bazungu, Bakongomani. Siwezi kujua kila muntu."

Mgeni aliinua sahani, akaigeuza. Sambaza zilimwagika udongoni, mchuzi ukatapakaa hadi viatuni kwa Mukundwa.

"Okota," Mukundwa alisema. "Unaweza kunitukana miye. Lakini ile maman aliamkia kazi hiyo asubuhi. Okota."

"Nimelipa."

"Hukulipia kumwaga."

Lakini Nzigire hakuwa anamtazama mgeni wala samaki. Alikuwa anamtazama mumewe, na uso wake ulikuwa umebadilika kama anayeona ufa kwenye ukuta wa nyumba anayolala.

"Birindwa," alimwita. "Hii sura unaikatala?"

Mzee alifuta tena mikono kwenye suruali.

"Miye nilikubali mambo mingi juu yako. Bantu ya Bukavu balinitukana, nikabeba. Uliniambia kule hukuacha mutoto. Leo unamukatala hapa mbele ya macho yangu, na uso iko yako. Kesho utakatala yangu."

"Nzigire..."

"Ikala."

Alichota sambaza nyingine kutoka kikaangoni, akaweka bugali, akaishusha sahani mezani kwa kishindo, moja tu, katikati. Akaleta maji. Akammiminia mumewe mikononi, kisha akamgeukia mgeni na birika mkononi akangoja, mpaka yule mtu mkubwa, pamoja na koti lake la Ulaya, akanyoosha mikono akanawa.

"Na weye ikala. Ulikuja kula, utakula. Naye."

Wakala. Mukundwa alisimama karibu na ua wa matete, akitamani kuondoka na asithubutu. Alikuwa ameona watu wengi wakila kwenye meza ile, wakisifu, wakilamba vidole. Hakuwahi kuona watu wawili wakila kwa chuki namna ile. Walimega kila mmoja upande wake. Mikono yao ilipokaribiana katika mchuzi, mmoja aliurudisha wake nyuma. Hakuna aliyeinua macho. Nzigire alisimama juu yao, mwiko mkononi, kana kwamba wangekimbia.

Samaki walipobaki wachache, mzee alizungumza akiwa ameinama. "Maman yako anaendelea?"

"Tulimuzika."

Mkono wa mzee ulibaki ndani ya sahani.

"Mwezi wa tatu," mwanawe alisema. "Alikuwa anakuulizia mpaka mwisho. Mimi nilimuambia ulikufa, njo akalala. Nilikuja nikuone kama bado unakula."

Nzigire alivuta kigoda akaketi. Hakuna aliyelia. Christophe-Aimé alisimama, akajipangusa vidole kwa kitambaa chake, akatoka bila kuaga. Mzee hakumfuata. Alibaki na donge la bugali vidoleni, halipeleki mdomoni wala halirudishi.

Mukundwa aliinama, akaanza kuokota samaki waliomwagika.

"Acha," Nzigire alimwambia. "Ulipiga photo?"

"Ya kikaango tu, Maman. Sikumuona kule nyuma."

"Lakini ulipiga. Na ulimuleta. Usirudi tena na muntu hapa. Hata peke yako usirudi."

Mukundwa alimkuta mgeni juu barabarani, amesimama kwenye jua akiangalia Bukavu ng'ambo ya maji.

"Juu ya nini hukuniambia?" alimuuliza.

"Ningekuambia, ungenipeleka?"

"Hapana."

"Njo maana."

"Nilijenga ule mulango muda murefu," Mukundwa alisema. "Umeuvunja na miguu yangu. Hoteli yako iko chini kule. Jipeleke."

Akamwacha hapo. Usiku ule alifuta picha ya kikaango. Kwa Sultani alikwenda mara mbili kuomba radhi, na mara ya pili mzee akammiminia chai, ingawa alimwambia kwamba wageni wa namna ile asimletee tena.

Wiki kadhaa baadaye alikutana na Papa Birindwa sokoni. Alikuwa amenyoa kichwa chote, kama mfiwa. Mukundwa alidhani angempita, lakini mzee alimshika kiwiko.

"Ile kijana aliacha numero?"

Mukundwa alikuwa nayo, tangu siku ile mgeni alipompigia kuomba matembezi. Kwa dakika moja alitaka kumwambia hana. Alikuwa bado amewakasirikia wote wawili, baba na mtoto, waliogombania meza isiyo yao. Kisha akaitoa simu, akaichukua na ya mzee, akaiandika namba hiyo kwa tarakimu kubwa aweze kuisoma.

"Maman Nzigire anajua?" aliuliza.

"Yeye njo alinituma," mzee alisema, akaenda zake.

Kama mzee alipiga, Mukundwa hakujua. Nzigire hakumfungulia tena. Akikutana naye njiani hugeuza uso. Wageni wapya Mukundwa huwapitisha barabara ya juu, na mchana upepo wa ziwani ukivuma huleta harufu ya nyanya na pilipili. Siku moja Mzungu mmoja alisimama, akafunga macho, akauliza kule chini kunapikwa nini, na kama wangeweza kuteremka.

"Kule ni kwa watu," Mukundwa alimjibu, akaongeza mwendo.