Ineza Atafuta Shule ya Uzamiaji

Ineza alijua kupiga mbizi kabla hajajua kusoma. Alifundishwa na mjomba wake Vénuste, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu ulio chini ya mtaa wa Nengo, miaka ile ambapo asubuhi ziwa lilikuwa la wavuvi na watoto tu. Injini ya boti ikitumbukia, au funguo za mtu zikizama, watu walimwita Vénuste. Alivuta pumzi, akatoweka, na Ineza kule mchangani akabana pumzi pamoja naye mpaka kifua kikamuuma. Hakumshinda hata mara moja.

Alipokua, Ineza akawa mwokoaji katika hoteli moja ya ufukweni, na mjomba hakusikia tena vizuri, maana maji yalikuwa yamemharibu masikio. Ineza alitaka kuzamia iwe kazi yake, kwa mtungi wa hewa na cheti kinachotambulika. Alipata shule mbili: moja Zanzibar, ya wiki chache, nyingine Mwanza, ya karibu mwaka mzima.

Moyo ulimvuta Zanzibar. Akapiga simu kuuliza jambo moja: Kivu liko juu milimani, na huko hesabu za kupanda kutoka chini bila kudhurika si zile za baharini. Je, wanazifundisha?

“Maji ni maji, dada,” kijana wa huko akacheka. “Njoo tu, utawapenda samaki wetu.”

Mwanza alipokea mwalimu aitwaye Bi Nyamizi. Ineza akamuuliza swali lile lile.

“Mimi mwenyewe sijawahi kuzamia ziwa la juu namna hiyo,” alisema. “Nitakufundisha ninayoyajua, na hilo nitakutafutia mtu anayelijua. Siwezi kukutilia sahihi kitu nisichokiona.”

Ineza alimsimulia mjomba yote, akipaza sauti.

“Mwaka muzima?” mzee akauliza.

“Karibu mwaka, Marume.” Ndivyo alivyomwita mjomba tangu utotoni.

Mzee akaitikia kwa kichwa. “Bon. Enda kwa ule mwenye alisema hajui.”

Akaenda Mwanza. Kule, kila alipoingia maji baridi ya alfajiri, alikumbuka ule mkono mpana wa mjomba uliokuwa ukimshika mgongoni asizame.

Aliporudi na cheti, alimpeleka mjomba ufukweni, akazamia Kivu kwa mtungi kwa mara ya kwanza. Alipanda polepole, akisimama njiani kama alivyofundishwa na mtu ambaye Bi Nyamizi alimtafutia. Mzee alikuwa bado amekaa juu ya jiwe, akimngoja.

“Kule chini iko nini?”

Ineza alishangaa. “Si ulikuwa unaenda kila siku, Marume?”

“Mi nilikuwaka nafunga macho. Maji ilikuwa inaniuma. Nilikuwa natafuta na mikono tu.”

Ineza akaketi kando yake, maji yakimchuruzika, akasogea kwenye sikio lililo afadhali. Akaanza kumwelezea mawe meusi ya volkano, mwanga unavyofifia, na isambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wanaopita kundi zima na kugeuka kwa pamoja.

“Wanageuka pamoja?” mzee aliuliza, akitabasamu. “Sema tena.”