Bibi Subiri

Wageni walituma mtu kutafuta madaktari bingwa, wakamchagua mke wangu. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili msije mkapoteza muda kuniandalia pongezi. Mimi ndiye daktari wa upasuaji. Yeye ni daktari wa usingizi. Mimi husimama tumboni kwa mgonjwa, yeye hukaa kichwani, na katikati yetu huwekwa pazia la kijani. Mgonjwa akipona, ndugu zake hunitafuta mimi wanishike mkono. Sijawahi kuona mtu akimtafuta aliyemlaza ndugu yake. Ndivyo mambo yalivyopangwa, nami sikuona sababu ya kuyapangua.

Hospitali yao ni ya mkoa, huko ng'ambo, katika mji wa milimani wenye baridi ambao madaktari wao wenyewe wanaukimbia. Aliyetumwa kuja kuchagua watu alikuwa daktari mkuu wao, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe na miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Mganga mkuu wetu alitukusanya ukumbini akatutambulisha, akasema mgeni atazunguka wodi zote, atatazama watu wakiwa kazini, kisha ataita anaowataka. Tangu siku hiyo hakuna daktari aliyekuja kazini na koti lisilopigwa pasi.

Mimi nilishona suti. Mama yangu, ambaye tunakaa naye, alikuwa ameshatangaza mtaa mzima.

"Mwanangu anaitwa ng'ambo," aliwaambia majirani pale kwenye mlango wa duka. "Na wala hakuomba. Wamemfuata wenyewe. Chema chajiuza."

Nilimkataza, lakini si kwa nguvu.

Sasa kuna desturi moja ya chumba cha upasuaji ambayo lazima muijue. Kabla sijagusa ngozi ya mgonjwa kwa kisu, nauliza, "Nianze?" Si adabu ile, ni sheria. Anayekaa kichwani ndiye mwenye ruhusa. Madaktari wengine wa usingizi hujibu "Anza" kabla hujamaliza kuuliza. Mke wangu hujibu, "Subiri." Halafu anatazama kifua kinavyopanda na kushuka. Anafunua kope za mgonjwa. Anagusa mshipa wa shingo kwa vidole vyake, ingawa mashine iko mbele ya pua yake inaimba mapigo yote. Mimi huku nimesimama kisu mkononi, kama mtu aliyekaribishwa chakula akaambiwa wenzake bado wananawa. Manesi wanamwita Bibi Subiri. Mimi wananiita Cherehani, kwa kasi na mishono yangu, na nikisema silipendi jina hilo nitakuwa mwongo.

Mama Miwani, ndivyo tulivyompachika jina yule mgeni, akaomba kuingia siku ya operesheni ya nyongo. Niseme nini? Siku ile nilifanya kazi mpaka nikajiogopa. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Mgeni alisimama muda wote upande wa kichwani, karibu na mke wangu, nami nikajua amechagua pale ili aione mikono yangu kutoka juu. Hata nikawa navuta viwiko kando nisimzibe. Mwanzoni mke wangu alisema "Subiri" yake, nikasubiri. Katikati ya kazi, nikiwa nimenoga kabisa, akasema tena, "Simama kidogo. Presha inashuka."

Nikasimama. Mbele ya mgeni! Nikauma meno ndani ya barakoa, nikanyanyua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, huku yeye akifungua dripu na kuvuta dawa kwenye sindano bila haraka yoyote. Presha ikarudi. Akaniruhusu. Nikamaliza kwa mishono ambayo ungeweza kuitundika ukutani. Nilipoinua macho nipokee sifa zangu, Mama Miwani alikuwa amemwinamia mke wangu, wananong'onezana, wanacheka.

Kesho yake tuliitwa wote wawili ofisini kwa mganga mkuu. Nilivaa ile suti.

"Tunamtaka mkeo," Mama Miwani alisema, akanitazama mimi, kama anayemposa kwa baba yake. Kisha akakumbuka ustaarabu. "Na wewe, daktari, ukiongozana naye tutakutafutia kitu. Madaktari wa upasuaji tunao. Wanakaa wanakunywa chai kwa sababu hatuna wa kuwalazia wagonjwa."

Kitu! Mimi Cherehani, nitafutiwe kitu!

Akaeleza kwamba imebaki hatua moja. Kule kwao hawamwajiri mtu wa usingizi mpaka wamezungumza na daktari wa upasuaji anayefanya naye kazi. Humpigia simu bila kumwarifu siku wala saa. Akisema maneno yasiyoridhisha, basi, mambo yameishia hapo. Mke wangu angeachiwa uhuru wa kumtaja daktari mmoja.

Nyumbani Mama alinipokea kwa vigelegele. Nilimwambia. Akakaa kwenye kiti taratibu.

"Kwa hiyo utamfuata mkeo?"

"Hakuna anayemfuata mtu, Mama."

"Na suti?"

"Suti itakaa kabatini."

Alikunja ncha ya kanga yake. Kisha akainuka, akajitanda vizuri, akatoka nje. Nikamsikia dukani: "Mkwe wangu anaitwa ng'ambo! Na wala hakuomba."

Kikulacho ki nguoni mwako, nami changu nilikuwa nalala nacho kitanda kimoja. Niliona wivu. Sitafuti jina la kuusitiri. Tulisoma darasa moja, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Yeye alikuwa msichana wa viti vya nyuma anayenyanyua mkono kusema, "Samahani mwalimu, hapo rudia." Leo anazungumza na ng'ambo kwa simu akiwa anakoroga uji wa mtoto! Niliuonea wivu uchangamfu wake asubuhi. Niliwaonea wivu wale wagonjwa wa milimani aliokuwa akiwauliza Mama Miwani habari zao, kwamba baridi inawafanyaje vifuani. Alianza kuimba bafuni. Miaka yote ya ndoa yetu sikujua kama anaimba, na kumbe ana sauti nzuri, nalo hilo likaniudhi pia.

Simu ilinikuta chumba cha kubadilishia nguo, mguu mmoja ndani ya suruali ya kazi.

"Daktari," alisema Mama Miwani, "mkeo amekutaja wewe. Si kawaida mtu kumtaja mumewe, lakini tumekubali. Niambie unavyomwona kazini."

Nilikaa kwenye benchi. Amenitaja mimi? Tunaye daktari wa mifupa, bonge la mtu mcheshi, anayewasifu watu wote kuanzia mfagiaji. Kwa nini hakumtaja huyo? Halafu nikaelewa kwamba unga wa mke wangu uko mkononi mwangu, na kwamba mkono huo nikiutikisa kidogo tu, umemwagika. Sikuhitaji kusema uongo. Ukweli ulikuwa unatosha.

"Ni mzito," nikasema.

"Mzito vipi?"

"Hakuruhusu kuanza. Unauliza, anasema subiri. Mashine imeshasema, saa imeshasema, yeye bado anapapasa shingo ya mgonjwa kama anayechagua embe sokoni. Ratiba yangu ya siku nzima inaharibika."

"Endelea."

Nikaendelea. Nilikuwa nimejaa, nikapata pa kumwagia. "Anaahirisha wagonjwa. Juzi nilikuwa na mgonjwa wa ngiri, amefunga kula, ameshalazwa mezani. Akamsikiliza kifua, akasema huyu simlazi."

"Kwa nini?"

"Eti anakohoa."

"Mkafanyaje?"

"Tukampiga picha ya kifua."

"Ikaonyesha nini?"

Nilikohoa mimi mwenyewe. "Nimonia. Lakini hoja yangu si hiyo! Hoja yangu ni kwamba hajui wakubwa. Anaweza kumsimamisha daktari bingwa katikati ya kazi, mbele ya manesi, kama askari wa barabarani. Ulimwona mwenyewe."

"Nawe husimama?"

"Nitafanyaje? Mgonjwa ni wake!"

Nikajua nimemmaliza. Kisha akauliza polepole, "Na hizo mara zote anapokusimamisha, huwa anakosea?"

Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, jepesi tu. Nikalitafutia mfano mmoja wa kulisindikiza. Nikapekua mwaka huu, nikapekua mwaka jana, nikarudi mpaka tulipokuwa wachumba. Sikupata hata mmoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

"Sikumbuki akikosea," nikasema, kwa hasira.

"Asante sana, daktari," alisema, akakata simu.

Nikavaa mguu wa pili wa suruali, nikaingia kazini na moyo mweupe. Mtu mzito, mkaidi, mwahirishaji, asiyeheshimu wakubwa. Nani atamwajiri mtu wa namna hiyo? Siku ile nilitania na manesi mpaka wakaulizana nimekula nini.

Niliporudi nyumbani jua likiwa bado kali, mke wangu alinirukia mlangoni, akanikumbatia na begi langu begani.

"Wamenichukua!" alisema. "Mama Miwani kasema hajawahi kusikia daktari wa upasuaji akimsifia mtu wa usingizi namna ile!"

"Nani kasifia?"

"Wewe! Walikuwa na mtu wa usingizi kule, mtu wa 'Anza' tu, kila anachoambiwa ndiyo mzee, mpaka mgonjwa akawafia mezani. Wakaapa hawatamchukua tena mtu asiyeweza kumsimamisha mkubwa. Wewe ukaenda ukawaambia ninasimamisha wakubwa!"

Mama alikuwa kwenye kochi, anachambua mchele kwenye ungo. "Mwanangu ana roho nzuri," aliuambia mchele.

Niliketi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nimeingia na kamba na ndoo.

"Hebu nieleze kitu," nilimwambia mke wangu. "Kwa nini hukumtaja daktari wa mifupa?"

"Yule angenisifu."

"Si ndiyo?"

"Nani anaamini sifa zake? Anasifu hata chai ya kantini. Mimi nilihitaji mtu wa kunilalamikia."

Nilihisi masikio yanapata moto. "Kwa hiyo ulijua nitakuchongea."

"Baba Watoto," alisema, akanikalia karibu, "kazi yangu ni kumtazama mtu usoni nikajua atakachofanya kabla hajakifanya. Wewe tangu mgeni aje presha yako iko juu. Nilijua utanisema. Ila nilijua hutanizulia." Hapo akaacha kucheka. "Aliniambia alikuuliza kama huwa nakosea. Na kwamba ulikawia kujibu."

"Nilikuwa nafikiri."

"Najua ulichokuwa unafikiri," alisema, akaniwekea vidole shingoni, pale kwenye mshipa, akaviacha hapo kwa muda kama anavyowafanyia wagonjwa. "Twende wote, basi. Hata wakikupa kazi ya kufunga vidonda."

Nilimwambia nitafikiri. Mnaweza kukisia nilifikiri nini. Mimi na hicho kitu chao! Nikasema atangulie na mtoto, mimi nina wagonjwa, hospitali haiwezi kubaki hivihivi. Siku ya safari Mama alifungua kabati, akatoa koti la suti yangu jipya kabisa, akamvisha mkwewe. "Kule kuna baridi," alisema, "na huyu halivai." Mikono ilimzidi kidogo tu. Akaondoka nalo.

Wameniletea mtu mwingine wa kukaa kichwani. Ni mtu mpole sana, mwenye salamu ndefu, anayevaa viatu vinavyong'aa. Siku yake ya kwanza tulikuwa na mama mtu mzima mwenye ngiri. Mgonjwa akalazwa, pazia likafungwa, nesi akanipa kisu.

"Nianze?" nikauliza.

"Anza, mkuu."

Sikuwa nimemaliza kuuliza. Nilisimama. Hiyo ndiyo ruhusa niliyoililia miaka yote, imekuja bila jasho, nami mkono ukawa hauteremki. Nesi akanitazama. "Daktari, vipi?"

Nikachungulia juu ya pazia. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, nadhani vizuri. Mimi si mtu wa upande ule, nitajuaje?

"Umemshika mshipa?" nikamuuliza yule mpole.

"Mashine inaonyesha safi, mkuu."

"Mshike."

Akavaa glavu vizuri, akamshika, akanitazama akingoja nimwambie amehisi nini. Nami nimesimama kisu mkononi, nasubiri, na hakuna aliyeniambia nisubiri.

Muda kama huo, kule milimani, kuna daktari wa upasuaji nisiyemjua. Ameshauliza, ameshaambiwa asubiri, ameinua mikono juu na bila shaka anauma meno ndani ya barakoa. Nimewaonea watu wengi wivu maishani mwangu, lakini sijawahi kumwonea mtu kama ninavyomwonea huyo.