Mwanamke Anayenyima Chai

Siku niliyoambiwa Muturi ana mwanamke, sikulia. Nilivaa viatu vya kanisa, nikafunga kitambaa kizuri kichwani, nikaenda kumtafuta huyo mwanamke. Mtu haendi kutukana akiwa na slipa za bafuni.

Aliyeniambia ni Kui, jirani yangu hapa mtaani Free Area. Alisema mume wangu huingia kwa Cate kila asubuhi na kutoka baada ya saa nzima akipangusa mdomo. Cate ana kibanda cha chai na mandazi karibu na steji ya bodaboda. Ni mjane na ana meno mazuri. Mimi nilikuwa nikiambiwa mzee anaenda kunyoosha miguu.

Figo za Muturi zilikufa miaka miwili iliyopita, presha ndiyo iliyozimaliza. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka hospitalini akasafishwe damu kwa mashine. Hakojoi tena, kwa hiyo chochote anachokunywa kinabaki mwilini mpaka mashine ikitoe. Mwezi wa nne mwaka jana maji yalimpanda mpaka kwenye mapafu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akivuta pumzi kwa mdomo, macho yamemtoka, nami nimemshika mabega nikidhani ananifia mikononi. Daktari alisema moyo umetanuka kwa sababu ya maji hayo. Akaagiza vikombe viwili kwa siku, basi, pamoja na mchuzi na maji ya kumezea dawa.

Nikanunua kikombe kidogo cha plastiki, nikakichora mstari kwa rangi ya kucha ya binti yetu Sue. Viazi, kama tulivyoelekezwa hospitalini, nilivichemsha, nikamwaga maji, nikavichemsha tena, mpaka vikawa havina ladha ya kitu chochote. Chumvi yote nilimpa Kui, maana chumvi huongeza kiu. Halafu kulikuwa na chai. Muturi aliendesha lori miaka ishirini akipanda na kushuka mteremko wa Mai Mahiu, na anapenda chai kuliko anavyowapenda baadhi ya ndugu zake. Ningekunywaje mbele yake? Nikaacha. Miezi kumi na mmoja sikuonja chai. Hata wanawake wa chama chetu cha kuweka akiba walipokuja kwangu niliwapa mkate mkavu, maana harufu ya majani ya chai ilikuwa inamtesa. Niliwaona wakitazamana. Sikuwaeleza kitu kwa sababu Muturi aliniomba nisimwambie mtu yeyote kwamba anaumwa.

Kisha nikapimwa, na figo yangu ikalingana na mwili wake. Daktari alisema hatampasua wakati moyo wake uko katika hali hiyo. Sharti kwanza apunguze maji, asiongezeke zaidi ya kilo mbili kati ya siku moja ya mashine na nyingine. Jumatatu tulikuwa tuonane naye, atazame rekodi ya mizani, nami nitie sahihi ya kumpa figo. Lakini mizani ilikuwa inasoma kilo nne, kilo tano. Nesi Chepngeno alikuwa akinitazama mimi.

"Mama Sue, unamwekea chumvi?"

"Sista, haki ya Mungu, nyumbani kwangu hakuna chumvi."

Muturi naye alikuwa akitazama ukuta.

Basi nikafika kwa Cate. Cate alikuwa kwenye jiko anageuza mandazi. Muturi alikuwa ameketi benchi la nyuma, koti limefungwa mpaka shingoni na jua linawaka, ameshika kikombe kikubwa kwa mikono miwili. Nilisimama mlangoni nikatamani ingekuwa ni mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya.

"Hiyo ni ya ngapi?" nikauliza.

Cate ndiye aliyejibu. "Ya tatu, na bado namwongezea. Kumbe wewe ndio Mama Sue? Karibu, keti. Hapa hatunyimi mtu."

"Unasemaje?"

"Usikasirike, mama, lakini hiyo si poa. Mzee anakuja hapa midomo imekauka. Anasema kwako chai ni marufuku, hata maji unampimia na kikombe ya mtoto. Chumvi pia unamnyima."

"Mathe, hata mimi jana nilimnunulia," akasema Kipruto, kijana wa bodaboda aliyekuwa anakula mandazi kando ya mlango. "Alinishikisha huruma."

Nilimtazama Muturi. Nilingoja aseme neno moja tu. Akasema, "Mugure, twende nyumbani."

Kiu ningemsamehe. Kiu yake naijua, nimemwona akinyonya kitambaa kibichi kama mtoto. Lakini mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi hili akinunua chai kwa jina langu. Kila kikombe alilipa kwa kunifanya mchawi.

"Vua koti," nikamwambia.

"Mugure, tafadhali."

Nikaivuta mikono ya koti mwenyewe. Mkono wa kushoto ukatokea, na ule uvimbe wa mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, na makovu ya sindano. Nikachukua kiganja cha Cate chenye unga nikakiweka hapo juu. Damu hupita hapo kwa nguvu mpaka ngozi inatetemeka. Cate aliutoa mkono haraka.

"Woi! Mzee, ni nini hii?"

"Figo zake zimekufa," nikasema. "Hizo chai zako zinaenda kwa mapafu na kwa moyo."

Cate akaanza kulia. Kipruto aliweka andazi chini.

"Nilitaka tu mahali pamoja ambapo mimi si mgonjwa," Muturi akasema, akitazama meza.

"Ukaona heri ugonjwa niwe mimi."

Cate, asijue la kufanya na mikono yake, alimimina kikombe cha chai akaniwekea. Nilikunywa. Ilikuwa na maziwa mengi na tangawizi, tamu mpaka nikafumba macho. Nilikunywa yote polepole, na Muturi ananitazama.

Nilipotua kikombe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jumatatu bado tutaenda?"

"Kufanya nini?"

"Si ile sahihi. Ya figo."

"Muulize Cate," nikamwambia. "Muulize na Kipruto. Mimi ni mtu wa kunyima."

Nikasukuma kikombe upande wa Cate aniongezee.