Doa Moja Ukingoni

Binti wa kupanga vipepeo alifanya kazi peke yake. Mlango wa chumba chake haukufunguliwa hovyo, maana upepo kidogo tu huvunja mabawa makavu. Visanduku alivyomaliza alivipitisha kwenye kidirisha, kwa Mama Vioo, aliyevifunika kwa kioo. Mkono ulichukua, kidirisha kikafungwa, basi. Vicheko vya upande ule alivisikia kama mtu anayenusa chakula cha jirani.

Kazi yake ilikuwa kutenganisha vipepeo wa aina mbili, Chungu na Mwigaji. Wote ni rangi ya chungwa lililoiva, ncha za mabawa nyeusi zenye weupe. Chungu, ndege humtema. Mwigaji hana uchungu wowote, amevaa tu nguo za mwenzake ili naye aogopwe. Ukitaka kuwajua, tazama bawa la nyuma. Chungu ana madoa meusi katikati, matatu au manne. Mwigaji ana moja, limejibanza ukingoni.

Siku moja alikosea. Mama Vioo akaja mwenyewe na kisanduku.

"Mwanangu, huyu kaingia harusini bila kadi."

Akavuta kiti, akasimulia goti lake linalouma na mkwe wake anayelala mpaka jua limkute. Binti alicheka mpaka akaona haya.

Tangu hapo, kila wiki Mwigaji mmoja alipotea njia, na Mama Vioo akaja kumrudisha.

Leo alikuja na trei ya vipepeo waliochanganyika. Hakukaa.

"Bosi anasema macho yako yamechoka, ukafagie uani. Nimemwomba nikupime kwanza."

Binti akashika kibano. Huyu huku, yule kule, bila hata kuinama. Trei ikaisha goti la Mama Vioo halijaanza kulalamika.

"Kumbe unawajua."

"Nawajua, mama."

"Sasa yule wa kila wiki?"

Binti akatazama kibano. Kisha akakivuta kile kiti, akakisogeza kwa Mama Vioo.

Mama Vioo akabeba trei. "Nitamwambia macho ni mazima." Akatoka, mlango akaufunga taratibu.

Baadaye kidirisha kikafunguka. Hakuna mkono uliotokea. Kikabaki wazi upana wa vidole viwili, na kule ng'ambo habari za mkwe zikaanza upya, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Binti akaweka kiganja kukinga mabawa, akaendelea kupanga.